Ringi za Trekta la Mashimba

"Ondoa haya mavyuma yako mlangoni kwangu!" Paskazia alifoka, mwiko mkononi. "Uchochoro wenyewe wa kupita mbuzi, wewe umeegesha trekta!"

"Kesho, Mama Obedi. Kesho linawaka," fundi alijibu, kichwa kimezama kwenye injini.

"Kesho yako imeota ndevu! Mume wangu akirudi kutoka kulima Misungwi akukute hapa, utalibeba hilo trekta kichwani. Humjui Mashimba wewe!"

Majirani wakachungulia, wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Ugomvi huo mtaani Mabatini waliusikia kila asubuhi tangu mvua za vuli. Paskazia wa zamani alikuwa na ulimi wa pilipili na kumbukumbu ya karani. Wa siku hizi ulimi ulibaki, kumbukumbu ikamtoka. Alisahau chungu motoni, alisahau siku za wiki, alisahau majina ya wajukuu. Mashimba peke yake hakumsahau. Lori likipiga honi huko barabarani, alitoka barazani mbio, akasimama, akarudi ndani pole pole.

Na huyu mzee wa vyuma alilala kwenye chumba cha uani, kati ya majembe na madumu. Mtaa mzima ulishazoea kumwita fundi.

Chai aliletewa na Odeta, muuza maandazi wa nyumba ya pili. Odeta hawezi kukupa chai bila maneno.

"Mwambie ukweli huyu mwanamke, mzee wangu."

"Si nilimwambia Pasaka? Umesahau lile yowe? Mlijaa uani hapa kama kuna msiba."

"Basi liache hilo trekta likae kimya. Likinguruma ataamini kweli mumewe karudi. Utamuua kwa kihoro."

Fundi alipuliza chai. "Au atakumbuka. Sura zinamponyoka, Odeta, lakini sauti bado anazo. Jumapili kaimba wimbo wa kwaya, beti zote nne, hakukosea hata neno."

Odeta akajishughulisha na beseni lake la maandazi.

Fundi alirudi kwenye kazi. Aliichukua ringi kuukuu ya pistoni ya kwanza, ile pete ya chuma iliyokatwa mahali pamoja, akaidumbukiza ndani ya silinda, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa. Kati ya ncha zake mbili akachomeka fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya. Ringi nzima huacha mwanya wa unene wa ukucha. Hii iliacha mwanya wa punje ya mchele. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, heri hata usiulize.

Ndiyo maana miaka yake ya mwisho trekta lilikohoa na kutoa moshi wa buluu. Hiyo siyo sauti aliyoitaka. Aliitaka ile ya zamani, nzito, iliyofika nyumbani kabla ya trekta lenyewe.

Harish, mwenye duka la vipuri kule Mirongo, alimtafutia seti mpya wiki nzima, akamkabidhi kwa mikono miwili bila kuuliza neno. Habari zilishamfikia.

Hizo mpya nazo fundi alizipima moja moja. Ringi ya silinda ya nne ikabana. Akaikwangua ncha kwa tupa, akapima. Akakwangua tena, akapima.

"Jamani, si uifunge tu!" Odeta alishindwa kuvumilia. "Tofauti yenyewe kama unywele. Nani atajua?"

"Yeye."

Alimaliza kuifunga injini Jumamosi mchana. Alinawa uso, akachana nywele, akavaa shati safi. Odeta aliyaona hayo yote, wala hakutania. Fundi akapanda kwenye kiti, akawasha.

Trekta likakohoa mara moja. Kisha likatulia, likaanza kunguruma kwa ile sauti nzito, hadi mabati ya paa yakaitika.

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Mashimba!" Paskazia alitoka bila viatu, kanga inaburuta, miaka ishirini imemtoka usoni. "Odeta, njoo usikie! Huyo ni Mashimba! Hiyo injini naijua hata nikiwa kaburini!"

Aliukimbilia ule mngurumo, akaweka viganja viwili juu ya boneti, akafumba macho. Alipoyafumbua akayainua mpaka kwenye kiti.

Fundi alimtazama.

Paskazia naye alimtazama. Alimtazama muda mrefu hata Odeta akaweka beseni la maandazi chini, mkono mdomoni.

"Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Mwenye trekta."

Fundi akaizima injini.

"Yuko njiani," alisema.

"Si niliwaambia!" Paskazia alipiga makofi, akacheka. Kisha akamwona vizuri yule mzee pale juu, akamhurumia. "Sasa wewe unalia nini? Mtu mzima halilii vyuma. Umemtengenezea vizuri, nitamwambia mwenyewe. Haya, shuka. Ugali uko mezani na sato wa leo leo. Karibu ndani ule. Ila ukae karibu na mlango, tena ule haraka haraka. Mume wangu hapendi kukuta mwanaume ndani kwake."

Mashimba akashuka, akavua viatu mbele ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akapiga hodi.