Gari ya Mashindano Iliyopakwa Sabuni

Hapana, gari haikuoshwa na mashine ya kusukuma maji kwa nguvu. Umeme ilikuwa imepotea Bwera yote. Ni sabuni ndiyo iliokoa arusi.

Crispus alitoka kwa mashindano ya magari Munkunyu, gari yake iko matope mpaka juu, na ndiyo hiyo gari ilikuwa ipeleke dada yake kanisani. Nyumbani wageni walikaa na njaa yao, maana hakuna mutu anakula mbele ya arusi.

Shangazi yao akazunguka gari, akakunja uso. "Mutoto wetu hapandi hii. Heri apande boda boda."

Bibi arusi akaanza kulia ndani ya shela. Crispus akakamata brashi.

"Weka chini!" Sylivia, mke wa Crispus, akamukemea. "Mchanga itakwaruza rangi. Mwaga maji tu."

"Maji tu? Matope imekauka!"

"Asubuhi ukikunywa chai, niliipaka sabuni yote, vile tunapaka sufuria nje mbele ya kuweka kwa moto, moshi isishike."

"Gari yangu! Kama sufuria! Na kioo je?"

"Kioo niliacha. Mimi si mujinga."

Crispus akarusha ndoo ya maji kwa hasira. Matope ikateleza vipande vizima, na rangi nyekundu ikatokea, inang'aa mpaka shangazi akajiona meno.

Waliporudi kutoka kanisani wakipiga honi, watu wote wakaketi kula, na shangazi akamusogezea Sylivia samaki kubwa kuliko zote.