Mtu Aliyenyamaza

Mwaka ule samaki aina ya sangara alikuwa na bei kubwa, na wapo wavuvi waliomvua kwa kumwaga sumu ziwani.

Mwalimu Teodora alikuwa akifundisha hadithi fupi ya uhalifu, kidato cha tatu, katika shule moja ya Nyakato, jijini Mwanza. Akauliza, "Hadithi za aina hii zinafanana kwa lipi?"

"Lazima mtu auawe," alisema mmoja.

"Na lazima pawe na mpelelezi," aliongeza mwingine.

Msichana wa karibu na dirisha akasimama. Wiki iliyopita alikuwa amemzika mdogo wake, aliyekula samaki wa sumu.

"Mwalimu, kila mara kuna mtu anayejua, ila amenyamaza. Mpelelezi anahangaika bure mpaka huyo aseme."

Chaki ikavunjika mkononi mwa Teodora. Chini ya kitanda chake kulikuwa na madumu mawili ya sumu ya kuulia wadudu wa pamba. Mumewe hakuwa na shamba la pamba. Alikuwa na mtumbwi wa kuvulia sangara. Siku tisa Teodora aliyaona madumu yale kila akifagia, na hakuuliza, kwa kuwa watoto wao watatu walikula na kusoma kwa mtumbwi huo.

"Nimekosea, Mwalimu?"

"Hujakosea, mwanangu." Unga wa chaki ulikuwa umemwingia kwenye kucha. Akaufuta kwenye sketi, ukazidi kuenea.

Akaenda mpaka kwenye dawati la yule msichana.

"Chukua mkoba wako," alisema. "Tunakwenda polisi, na njiani utanichukia."