Kijiti cha Mate

Noreen alibana pua ili sauti yake isijulikane kwenye simu.

"Pikapu nyeupe ya Darrell Hoskins inaingia mjini sasa hivi. Mwenyewe anatumia mafuta ya bangi."

"Kaandikiwa na daktari?" polisi aliuliza.

"Kaandikiwa. Kwani kipimo cha mate kinajua cheti?"

Alikata simu, akaagiza chai, akakaa dirishani mwa mkahawa. Miaka sita alikuwa akiisubiri siku hii, na hakuona haya kufurahi.

Darrell alikuwa sajenti wa polisi wa barabarani wakati ule. Alimsimamisha Clive, mume wa Noreen, dereva wa lori la maziwa aliyepondwa mgongo na ng'ombe. Clive alikuwa hajagusa matone yake ya mafuta ya bangi, dawa ya maumivu, tangu juzi, na kichwa chake kilikuwa kitulivu kabisa. Alionyesha cheti. Darrell akampa kijiti cha kupima mate alambe, kijiti kikaonyesha bangi, leseni ikaenda na kazi ikafuata. Baada ya miezi minne Clive alijiua bandani. Mwanawe, Kieran, ndiye aliyemkuta.

Sasa Darrell amestaafu, na maiti alizookota barabarani zinamjia usingizini. Noreen ndiye aliyemshauri amwone daktari wa matone. Alimpelekea hata keki.

"Umenisamehe kweli?" Darrell alimuuliza siku hiyo.

"Wewe tumia dawa, ulale."

Kieran, anayeendesha lori lilelile la baba yake, hakupenda. Mwaka huu kijana alikuwa ameanza kucheka tena, na usiku hapigi mayowe. "Mama, achana na mzee wa watu," alimwambia. "Naye anateseka."

"Ateseke vizuri," Noreen alijibu.

Pikapu ilitokea kwenye kona. Polisi wawili wakaipungia mkono isimame. Noreen akaacha chai, akatoka hadi ukingoni mwa barabara. Jambo hili alitaka kuliona bila kioo. Kijiti kiliingia dirishani kwa dereva, kikatoka. Polisi wakakitazama, wakatazamana.

"Sheria ni sheria, sajenti," Noreen alinong'ona.

Mlango wa upande wa abiria ukafunguka. Akashuka Darrell, mkongojo mkononi, akamwendea moja kwa moja.

"Mimi siendeshi tena, Noreen, sheria naijua. Kieran kajitolea kunipeleka hospitali. Mbona hukuniambia kijana naye anatumia matone?"