Sahani Chini ya Kawa

Kodi ilikatwa kwa familia, na familia ilihesabiwa na meza ya chakula yenyewe, iliyopeleka hesabu serikalini: sahani mbili, watu wawili, kodi nafuu. Kwa hiyo Bi Tunu aliendelea kumpakulia marehemu mumewe na kuifunika sahani kwa kawa, kana kwamba amechelewa kazini.

"Karibuni, Bi Tunu na Mzee Faki," meza ilisema kila jioni.

Siku Bunge lilipopitisha, baada ya mabishano makali, kodi ya mtu mmoja mmoja, Bi Tunu alipakua kama kawaida, akafunika.

"Karibu, Bi Tunu."

"Na mzee wangu je?"

"Alishafariki. Nilijua siku zote. Sheria ilitaka sahani tu."

Bi Tunu akaivuta ile kawa karibu yake.

"Basi nidanganye," alisema. "Nitalipa kodi yake."