Vikohozi Viwili

Pikipiki nyekundu ilipanda hadi mlangoni pa gereji, mwendeshaji akaachia mafuta, nayo ikakohoa mara mbili. Spana ilimponyoka Mama Kabureta, ikamwangukia kidole cha mguu. Hakusikia maumivu.

Kikohozi kile alikijua. Miaka mitatu nyuma alikuwa jikoni, anapakua chakula, mumewe akiwa njiani kurudi kutoka kazini. Alisikia kishindo barabarani, kisha pikipiki ikisita, ikikohoa mara mbili, ikiondoka. Alipofika mbio, mumewe alikuwa keshakata roho. Kando yake kulibaki kipande cha plastiki nyekundu, kipana kama kiganja.

Siku hizo alikuwa mshona nguo. Alifunika cherehani yake akaenda kwa Mzee, fundi wa pikipiki mkongwe kuliko wote pale mjini, akamwomba amfundishe kazi. Hakumficha sababu: kila pikipiki siku moja humkoholea fundi, naye alitaka awepo siku hiyo. Akamwonyesha kile kipande. Mzee alikigeuzageuza muda mrefu, akamrudishia. Kisha akampa bisibisi.

Alianza kumfundisha kabureta. Alimwambia hilo ndilo koo la pikipiki. Hewa na mafuta vikikosana humo, mashine nzima itasema. Watu walicheka kuona mwanamke na jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta, mdomoni, akiipuliza kama filimbi. Mwaka haukwisha, wakawa wanampangia foleni, na jina la Mama Kabureta likamganda.

Sasa siku ilikuwa imefika. Aliyeshuka ni kijana mcheshi mwenye kofia safi. Alilalamika kuwa pikipiki inazima kwenye vilima na haitulii ikisimama.

"Ni yako?" Mama Kabureta alimuuliza.

"Yangu, mama. Ya nani tena?"

Hakumuuliza tangu lini. Alimwambia arudi saa nane.

Kijana alipopotea kwenye kona, Mama Kabureta alitoa kile kipande kwenye sanduku la vifaa. Chini ya taa ya mbele palikuwa na pengo lililozibwa kwa gundi. Alibandua gundi, akakisogeza kipande. Kiliingia kama jino kwenye ufizi wake.

Akaifungua kabureta. Ndani ya bakuli la mafuta mlikuwa na utando wa kijani, mafuta yaliyolala hadi yakaganda. Pikipiki hiyo ilifichwa mahali miaka. Siku za mwizi ni arobaini. Za huyu zilikuwa zimepita elfu moja.

Aliisafisha yote kwa petroli safi, akazibua vitundu vyembamba kama unywele, akapima boya, akabadilisha mpira uliochakaa. Kikohozi kikaisha kabisa. Hakutaka kukisikia tena maishani. Kazi ya mwisho ilikuwa kile kizibo cha kabureta kinachopanda mtu anapovuta mafuta na kushuka anapoachia. Alikaa nacho mapajani kwa dakika nyingi. Kisha akakifanya kiweze kupanda bila kushuka. Mtu akienda polepole hangejua lolote. Akivuta sana, pikipiki isingemsikiliza tena, na mbele ya gereji palikuwa na mteremko mrefu unaoishia kwenye barabara ya malori.

Alikuwa anakaza skrubu ya mwisho Mzee aliporudi kutoka kununua vipuri. Alisimama mlangoni, mfuko mkononi.

"Imeletwa na nani?"

"Na aliyemuua mume wangu," alisema Mama Kabureta. Akamweleza yote: kikohozi, kipande, na alichokifanya ndani ya kabureta. Sauti yake haikutetemeka.

Mzee aliweka mfuko chini. "Na kama ni mtu mwenye watoto? Kama tangu siku ile hajalala usingizi?"

"Mimi nimelala?"

Mzee akaiinamia kabureta. Kisha akauliza, "Umeifanya vizuri?"

"Kama ulivyonifundisha."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, kama afanyavyo mwalimu anaporidhika na jibu. Alinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akavua ovaroli, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Akachukua helmeti ukutani. Alisema yeye ndiye atakayeijaribu.

Mama Kabureta aliushika usukani. "Mzee, si nimekwambia nilichofanya?"

"Nimesikia, mwanangu."

Akaviondoa vidole vyake kimoja kimoja, kwa upole, akapanda. Mama Kabureta aliona anachotaka Mzee: anakwenda kuitupa korongoni, ili yeye asije akaozea jela kwa damu ya mtu. Nani alimwomba? Miaka mitatu ya kungoja, halafu mtu akupokonye tonge mdomoni kwa wema wake.

Pikipiki ilitoka polepole ikiwa na mlio laini, safi. Ilipofika juu ya mteremko ilisimama kidogo. Kisha mlio ukapanda, ukazidi kupanda.

Yule kijana alikuwa ndiyo kwanza anafika kwa miguu, kabla ya saa nane. Aliipisha pikipiki, akaisindikiza kwa macho.

"Kumbe yule mzee ni wa hapa?" alisema. "Ndiye aliyeniuzia wiki iliyopita. Akaniapisha kwamba ikisumbua nisimpelekee fundi mwingine yeyote, ila wewe."