Kiti cha Kushoto

Chombo kiliondoka kimeinama upande wa kulia, na Handama alifurahi kukiona hivyo.

Hovakrafti ya mkwewe, chombo kinachoelea juu ya hewa kinayoipuliza chini yake, ilikuwa ndogo, ya viti viwili: dereva kulia, abiria kushoto. Akipanda mtu peke yake, ililalia upande wake kama punda aliyepakiwa kikapu kimoja, na upepo wa ubavuni ungeweza kuizungusha juu ya barafu. Kwa hiyo Zorikto, akikosa abiria, alipakia gunia la mchanga kwenye kiti cha kushoto. Mchanga wenyewe aliuchota ng'ambo, kwenye lundo linalowekwa gatini ili magari yasiteleze. Mkewe, Aryuna, alilishona gunia hilo kwa gauni lake kuukuu la maua, akalipima kwenye mizani ya samaki mpaka likalingana naye kilo kwa kilo. Akaliita mke mdogo.

"Huyu namkubali," alisema. "Hali, hanuni, wala haombi viatu."

Asubuhi hiyo Zorikto aliamka mapema. Alipasha mafuta ya injini juu ya jiko la makaa, akapangusa mapanga ya feni moja moja, kisha akagonga barafu kwenye sketi, ule mpira wa chini unaoshika hewa, kwa nyundo ya mpira, taratibu, kwa kuwa mpira uliopigwa na baridi hupasuka kama kigae. Mwisho akalitoa gunia kitini, akalibeba hadi mlangoni kwa mama mkwe.

"Leo mke mdogo abaki na wewe, mama. Mwenye kiti anarudi."

"Na upepo ukikupindua huko njiani?"

"Nitakwenda polepole."

"Wewe na polepole mlijuana lini? Ulikuja kuposa hata chai haijachemka!"

Zorikto alicheka. Hakuwa amecheka tangu siku alipomvusha Aryuna, amejikunja ndani ya shali yake kwenye kiti hicho hicho, kumpeleka hospitali ya ng'ambo kufanyiwa upasuaji wa tumbo.

Ilikuwa katikati ya Januari. Kivuko cha kisiwa chao, Olkhon, kilikuwa kimeshasimama, na barafu ya Ziwa Baikali ilikuwa bado nyembamba mno kwa magari. Majuma kama hayo, asiye na hovakrafti hukaa alipo.

Jumatatu Aryuna alipiga simu. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini utani ulikuwa wake ule ule.

"Mama, huku nanyweshwa uji kama mtoto. Alhamisi wananiruhusu. Nataka buuzi ishirini, na Zorikto asiguse hata moja!"

"Ishirini utaziweka wapi, na tumbo lenyewe limeshonwa?"

"Hilo niachie mimi."

Usiku ule dhoruba iliangusha mnara wa simu, kisiwa kizima kikawa bubu. Sasa ilikuwa Alhamisi.

Handama alinyunyiza maziwa kuelekea ziwani, kama alivyofanya kila alipoaga mtu. Akarudi ndani, akakanda unga, akakatakata nyama ya kondoo na vitunguu, akafinyanga buuzi ishirini. Akazihesabu. Akaongeza moja, ya Zorikto, maana naye ni mtoto wa mtu. Viatu vya Aryuna vya sufi alivisogeza karibu na jiko vipate joto. Halafu akachukua darubini ya marehemu mumewe na kukaa dirishani.

Alijua cha kutazama. Chombo kikirudi kimeinama, Aryuna amebaki. Kikirudi kimenyooka, hana haja ya kuuliza.

Saa saba ikapita. Saa nane upepo ukaanza kupeperusha theluji juu ya barafu, naye akawaza ufa mkubwa uliopasua barafu katikati ya ziwa na kutamani asingemtania kijana wa watu habari ya kupinduka. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

Saa tisa akasikia feni kabla hajaona kitu. Akainua darubini. Ziwa zima lilirukaruka ndani ya vioo, akaegemeza viwiko dirishani. Nukta nyeusi. Nyuma yake, vumbi la theluji. Ikafika kwenye ufa, ikapita bila kuyumba.

Kilikuwa kimenyooka. Kimenyooka kama meza.

"Mwanangu!" alipiga kelele peke yake chumbani. "Mwanangu huyo anakuja!"

Akaweka buuzi kwenye mvuke. Akakwapua viatu vya sufi, akavikumbatia, akatoka karibu anakimbia. Ufukweni alizipanga mbao nne za kuegeshea, maana sketi iliyolowa ikituama juu ya barafu tupu huganda hapo hapo, na kuibandua ni kuichana. Alizinyoosha kwa mguu mpaka zikakaa sawa, ili mgonjwa asitikiswe.

Lakini chombo hakikupanda mbao. Kilisimama hatua ishirini kabla ya kuzifikia, juu ya barafu tupu. Injini ikazimwa. Sketi ikanywea.

"Wee Zorikto! Una wazimu? Mbao ziko huku! Itaganda hiyo! Au unataka mgonjwa nimbebe mgongoni mimi?"

Zorikto alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kana kwamba bado anaendesha.

Handama alitembea juu ya barafu, amevikumbatia viatu vilivyokuwa bado na joto la jiko. Kioo cha upande wa kushoto kilikuwa kimefunikwa na theluji. Akakipangusa kwa mkono wa koti, tayari anatabasamu.

Kwenye kiti, mkanda umefungwa vizuri, lilikaa gunia la viazi lililojazwa mchanga. Juu yake ilikuwa imekunjwa shali ya Aryuna, na juu ya shali, pete yake ya ndoa.