Wa Kunianzia

Zamani msitu mmoja ulikuwa na kasuku wawili, mume na mke, waliotunza kichwani njia ya kwenda chemchemi ya kiangazi. Kila walipoulizwa, mume alianza maneno, mke akayamalizia. Mume akafa wakati wa masika. Kiangazi kilipofika, bwawa likakauka.

"Bibi, tuelekeze majini," wanyama wakamwambia mjane.

Kasuku akafumba macho, akatafuta, asipate hata neno.

"Kumbe mwenye akili alikuwa babu!" akasema Nyani, bingwa wa dhihaka. "Kesho tunahama. Wewe baki na kichwa chako kitupu."

Wote wakacheka. Nyani akabana pua, akaiga sauti ya marehemu: "Ukiupita mgunga..."

"...kata kulia penye kichuguu, maji yako chini ya jiwe!" Kasuku akajibu kabla hajajua kwamba amefungua mdomo.

Wanyama wakatimka, wakanywa wakashiba. Jioni Nyani akarudi, kichwa ameinamisha. Alimkuta Kasuku amekaa ukingoni mwa tawi, ameacha nafasi ya mmoja.

"Nisamehe, bibi. Kumbe siku zote ulikuwa unajua!"

"Kujua najua, mjukuu wangu," akasema Kasuku. "Wa kunianzia ndiye sina."